Kababu za mchuzi kwenye chungu cha umeme: zikiharibika, anzia hapa

Chungu cha umeme cha moto mdogo, kile chenye bakuli zito la udongo, kifuniko cha kioo na swichi ya hatua tatu, kina tabia moja kubwa ambayo ukiielewa umemaliza nusu ya matatizo: kinapasha chakula taratibu mno na hakipotezi mvuke. Hakikaushi mchuzi. Hakikaangi. Hakirekebishi kitu kilichokosewa. Ndiyo maana karibu kila kasoro unayoikuta jioni ukifunua kifuniko ilianzia asubuhi, kwenye bakuli la kukandia au kwenye kikaango, na huko ndiko nitakakokurudisha mara nyingi hapa chini.

Ili tuzungumzie chakula kimoja, kipimo ninachokichukulia ni hiki: nyama ya kusaga kilo 1, chumvi vijiko 2 vya chai vya kufuta, slesi 3 za mkate mweupe zilizolowekwa kwenye nusu kikombe cha maziwa, yai 1, kitunguu maji kikubwa 1 kilichokunwa na kukamuliwa, kitunguu saumu, tangawizi kidogo, pilipili manga, bizari nzima iliyokaangwa kavu ikasagwa, na kotmiri. Mchuzi ni wa vitunguu na nyanya. Zinatoka kababu kama 30 za ukubwa wa ndimu. Zikishakaangwa juu juu zikapata rangi, zinakaa kwenye moto mdogo saa 4 hadi 5, au moto mkubwa saa 2 na nusu hadi 3.

Kababu zimesambaratika ndani ya mchuzi

Hili ndilo lalamiko la kwanza la kila mtu, na lina sababu nyingi kuliko yote. Usikimbilie kuongeza mayai. Yai la pili na la tatu huifanya kababu iwe ngumu na yenye ladha ya kiwanda cha mayai, na bado itavunjika kama tatizo lilikuwa kwingine. Chota kwanza mabaki ya kababu iliyovunjika kwa kijiko, yaweke kwenye kisahani na uyasugue kwa vidole. Namna yalivyo itakuambia kosa liko wapi.

Yakiwa chenga chenga, kila punje ya nyama peke yake, basi nyama haikushikana tangu mwanzo. Kinachoishikanisha nyama ya kusaga hasa ni chumvi pamoja na kukandwa. Chumvi hutoa protini ya nyama nje, nayo inakuwa nata, kisha joto likija inaganda na kufunga kila kitu. Wengi huchanganya vitu vyote kwa pamoja, chumvi ikaishia kwenye mkate na kitunguu. Fanya hivi: weka nyama ikiwa baridi kutoka kwenye friji, nyunyiza chumvi yote, ikande peke yake kwa dakika moja au mbili hadi ianze kung'ang'ania mkononi. Chukua donge, libandike kwenye kiganja, geuza kiganja kitazame chini. Likibaki limening'inia, nyama imekubali. Likidondoka, endelea kidogo. Hapo ndipo unatia mkate uliolowekwa, yai na viungo, na unachanganya kwa wepesi tu hadi vienee.

Yakiwa laini ya kupondeka, kama uji mzito, nyama imeyeyushwa. Uliza kama kuna papai bichi lililotiwa. Kwa mishikaki papai ni rafiki, kwa sababu nyama inaingia kwenye moto mkali na kazi ya papai inakoma upesi. Kwenye chungu cha moto mdogo hali ni tofauti kabisa. Kimeng'enya cha papai hufanya kazi kwa nguvu zaidi joto likiwa kwenye nyuzi 60 na kitu, na chungu hiki hupita hapo polepole sana. Nyama inakaa kwenye joto hilo muda mrefu huku inakatwakatwa kutoka ndani. Tangawizi mbichi nyingi hufanya jambo hilohilo kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo papai usitie hata kijiko, na tangawizi ikizidi kijiko kimoja cha chai kwa kilo, ikaange kwanza ndani ya mchuzi badala ya kuichanganya na nyama.

Vikiwa vipande vikubwa vilivyopasuka katikati, tazama mpasuko wenyewe. Utakuta kipande cha kitunguu kimekaa pale pale. Kitunguu kilichokatwa vipande vikubwa kinasinyaa kikiiva, kinaacha ufa, na kababu inafunguka hapo. Kikune kwa upande mdogo wa kikunio, kitie chumvi kidogo, kiache dakika 10, kikamue kwa mkono au kwa kitambaa safi. Maji yake usiyamwage, yanafaa kwenye mchuzi. Blenda inaharakisha, lakini inakipa kitunguu maji mengi na uchungu kidogo, na mimi napendelea kikunio.

Zikiwa nzima katikati lakini zimelika pembeni, ulikoroga mapema. Saa 2 za mwanzo usiingize mwiko ndani ya chungu kwa sababu yoyote. Baadaye, ukitaka kugeuza, shika bakuli kwa vitambaa na ulitikise kidogo, au pitisha upawa chini kabisa na kuinua taratibu.

Kuna sababu mbili nyingine zisizoacha alama kwenye mabaki. Ya kwanza ni nyama iliyogandishwa kisha ikayeyushwa juu ya meza: inatoa maji mengi, na maji hayo yasipomwagwa mchanganyiko unakuwa rojo. Iyeyushie kwenye friji usiku kucha, ndani ya chujio lililowekwa juu ya bakuli. Ya pili ni kutia kababu mbichi ndani ya mchuzi wa baridi. Zinakaa zikiloweka zaidi ya saa nzima kabla joto halijazigandisha. Mchuzi uingie chunguni ukiwa unachemka kutoka jikoni, na kababu ziwe zimeshaganda nje kwa kukaangwa.

Na kama maji yamekwisha kumwagika na wageni wako njiani? Toa zilizo nzima ziweke kando. Zilizobaki zivunje zote kwa makusudi, chemsha mchuzi kwenye karai hadi ukauke vizuri, tia kotmiri. Ni mchuzi wa kima mzuri sana wa kula na tambi au chapati, na hakuna mgeni atakayejua ulikusudia nini.

Kababu ngumu, zinateleza chini ya jino

Mara nyingi kosa liliingia buchani. Mtu anaomba steki isiyo na mafuta kwa kudhani ndiyo nyama bora, inasagwa, halafu anashangaa. Ng'ombe wetu wengi wa kienyeji wanatembea sana na kula majani, nyama yao haina mafuta mengi ndani yake. Ukisaga steki tupu unapata kababu kavu hata ungeipika kwa mapenzi gani. Mwambie mwenye bucha akuwekee kidari na kipande cha nundu, asage pamoja mbele yako. Unataka mafuta yawe kama sehemu moja katika tano. Nundu ina mafuta matamu yanayoyeyuka vizuri, na kwa kababu sijaona kipande kinachoishinda. Nyama isagwe mara moja, au mara mbili ikiwa matundu ya mashine ni makubwa. Ikipita zaidi inakuwa lojo na ikiiva inakazana.

Sababu ya pili ni kukanda kupita kiasi baada ya mkate na yai kuingia. Ile dakika ya kukanda na chumvi inatosha. Kuendelea kukandamiza kunaifanya ikaze kama soseji, na hapo hata mkate hausaidii.

Sababu ya tatu watu hawaitarajii: muda umezidi. Tumezoea kwamba moto mdogo hauharibu, na kwamba kadiri chakula kinavyokaa ndivyo kinavyolainika. Hiyo ni kweli kwa makongoro, mkia na kongoro la mbuzi, ambako kuna mishipa migumu inayohitaji saa nyingi kugeuka kuwa utelezi. Nyama ya kusaga imeshakatwa na mashine. Haina cha kulainika. Ikishaiva, kila saa inayoongezeka inakamua maji yake na kuyatupa kwenye mchuzi. Ukiacha kababu saa 9 kwa sababu uko kazini, zitakuwa kavu ndani japo zinaogelea. Kwa siku ya namna hiyo pika kitu kingine, mkia kwa mfano, na kababu uzipange Jumamosi au Jumapili.

Za kuku ni kali zaidi katika hili. Kidari cha kuku kilichosagwa kinakauka haraka, tumia paja pamoja na ngozi kidogo, na uanze kuonja saa 3 zikitimia.

Mchuzi ni maji maji

Kwenye sufuria ya kawaida juu ya jiko la mkaa au gesi, mchuzi unapungua wenyewe kwa sababu mvuke unatoka. Hapa mvuke unagonga kifuniko, unageuka matone, unarudi ndani. Nyanya inatoa maji yake, kitunguu chake, nyama yake, na vyote vinabaki. Anayetia vikombe viwili vya maji kwa mazoea ya sufuria atapata supu.

Kwa hiyo mchuzi unakaushwa kabla. Kaanga vitunguu hadi viwe vya rangi ya dhahabu, tia kitunguu saumu na viungo, tia nyanya, na usiondoke pale hadi nyanya zote zivunjike, zikauke na mafuta yaanze kujitenga pembeni ya karai. Tia vijiko 2 vya nyanya ya kopo, ukaange tena dakika 2 hadi wekundu wake uwe mzito. Unachokimimina chunguni kiwe kizito kuliko unavyotaka kukila. Kababu zitakiongezea maji yake.

Ukishachelewa, una njia mbili. Weka moto mkubwa, ondoa kifuniko kwa dakika 30 hadi 40 za mwisho. Au koroga kijiko 1 cha mezani cha unga wa mahindi mweupe wa wanga, ule laini unaoteleza vidoleni, na vijiko 2 vya maji ya baridi, umimine huku unatikisa bakuli, ufunike dakika 15 kwenye moto mkubwa. Usinyunyize unga mkavu moja kwa moja. Utapata madonge ambayo hayaondoki.

Rangi ya kijivu, ladha imepooza

Nyama hupata ule uhudhurungi na harufu yake nzuri ikiguswa na joto kali kavu, zaidi ya nyuzi 140 hivi. Ndani ya mchuzi joto haliwezi kupita kiwango cha maji kuchemka, hata upike hadi kesho. Rangi ni lazima itoke nje ya chungu.

Kaanga kababu kwenye mafuta kidogo, chache chache, zisibanane. Zikibanana zinatoa maji, na badala ya kukaanga unazichemsha. Si lazima ziive. Dakika 2 kila upande zinatosha. Mwenye oveni ana kazi rahisi zaidi: sinia lililopakwa mafuta, nyuzi 220, dakika 12. Kikaango kikibaki na gandi la kahawia chini, mimina mchuzi wa nyanya humo, ukwangue kwa mwiko, vyote viende chunguni. Gandi hilo lina ladha nyingi kuliko mchemraba wowote wa supu wa dukani.

Ladha nyingine inapotea kwa sababu ya muda. Harufu ya bizari, iliki na kitunguu saumu hufifia zikipikwa saa nyingi, na majani ya kotmiri yanageuka kijani kichafu. Gawa viungo mara mbili: kiasi kikubwa kikaangwe mwanzoni, kidogo kirudi dakika 15 za mwisho pamoja na kotmiri mbichi. Halafu kamua ndimu. Mchuzi unaoonekana haujakolea mara nyingi unadai ukali, sio chumvi, kwa hiyo onja ndimu kabla hujashika kijiko cha chumvi.

Tui limekatika

Unafungua, unakuta madonge meupe madogo juu ya maji ya manjano. Tui ni mafuta yaliyochanganyika na maji, na mchanganyiko huo haupendi kukaa kwenye joto saa nyingi, hasa palipo na nyanya au ndimu. Kwa kababu za nazi, pika na tui la pili jepesi badala ya maji, kwa kiasi kidogo, kisha tui zito lingoje dakika 20 hadi 30 za mwisho kwenye moto mdogo. Lipashe pembeni kwanza, lisiingie la baridi. Ndimu itiwe mezani. Tui lililokwisha kukatika halina madhara, linakera macho tu. Ukichota kikombe cha mchuzi ukakisaga kwenye blenda na kijiko cha tui zito, kikirudi kinaushikanisha mchuzi kwa kiasi.

Mafuta yaliyotanda juu ni jambo jepesi. Zima, acha dakika 10 yatulie, yachote kwa kijiko kikubwa. Wiki ijayo mwaga mafuta ya kikaangoni kabla ya kuhamisha kababu.

Ndani bado ni nyekundu

Rangi peke yake isikutishe wala isikutulize. Kuna nyama inayobaki na wekundu ikiwa imeiva, na kuna inayogeuka kahawia mapema ikiwa bado. Nyama ya kusaga inahitaji uangalifu kuliko kipande kizima, kwa sababu vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama, mashine imeviingiza ndani. Kipimajoto cha jikoni ndicho kinachomaliza ubishi: katikati ya kababu kubwa kuliko zote pafike nyuzi 71, na kwa kuku 74.

Ikiwa saa 5 zimepita na hazijafika hapo, angalia haya. Je, nyama iliingia ikiwa na barafu? Isiingie kamwe, kwani chungu kitachukua saa nyingi kuivusha kwenye joto la vuguvugu ambalo vijidudu wanalipenda. Je, chungu kimejaa hadi mdomoni? Kijaze kati ya nusu na theluthi mbili. Je, kuna mtu alikuwa anafunua kila mara kunusa? Kila kufunua kunarudisha mapishi nyuma kama dakika 20 hadi 30. Waambie watoto, waambie na wakubwa.

Majibu yote yakiwa hapana, mtuhumiwa ni umeme.

Umeme mdogo, umeme kukatika, na chungu kilicholetwa kutoka Marekani

Jioni mtaa mzima unapowasha, taa zinafifia na chungu nacho kinapoa. Kwa kifaa cha kupasha joto, volti za umeme zikishuka asilimia 10 joto linalotengenezwa linashuka karibu asilimia 19. Kama mtaani kwenu ndivyo ilivyo, pika mchana, au tumia moto mkubwa kwa saa ya kwanza ndipo ushushe. Unaweza kukipima chungu chenyewe: kijaze maji nusu, kifunike, kiache kwenye moto mdogo saa 8, kisha funua na upime papo hapo. Maji yawe kati ya nyuzi 85 na 93 hivi. Yakiwa chini ya hapo, chungu hakifai kupikia nyama.

Umeme ukikatika ukiwa nyumbani, usingoje urudi. Hamishia kila kitu kwenye sufuria, maliza kwenye gesi au mkaa mara moja. Kama kababu zilikuwa zimeiva tayari, kifuniko kikibaki kimefungwa unazo saa 2 za kuzila au kuziweka baridi. Ukirudi kutoka kazini ukakuta saa ya umeme inawaka sifuri na hujui umeme ulikatika kwa muda gani, mwaga, hata kama zinanukia vizuri. Inauma kumwaga kilo ya nyama kwa bei ya sasa, lakini tumbo la mtoto linauma zaidi.

Halafu kuna zawadi za ndugu. Chungu kilichonunuliwa Marekani kimetengenezwa kwa volti 120. Huku ni 230 Tanzania na 240 Kenya. Kukichomeka moja kwa moja kunakipa nguvu karibu mara nne ya ile kilichoundiwa, na kitaungua, pengine na meza yako. Kubadilisha plagi tu hakusaidii. Soma kibandiko kilicho chini ya kifaa. Kama kimeandikwa 120V, kinahitaji transfoma inayobeba wati zake zote, na transfoma ya namna hiyo mara nyingi ni ghali kuliko kununua chungu kipya hapa. Wanaoleta kutoka Uingereza au Dubai hawana shida ya volti, na plagi ya pini tatu bapa inaingia bila adapta.

Mengine ya haraka

Viazi vimebaki vigumu huku kababu zimeiva: vilikuwa juu. Viweke chini kabisa na pembeni, vikatwe vidogo, na ujue kwamba ukali wa nyanya unachelewesha kulainika kwake. Mimi huvichemsha nusu kabla.

Bakuli limepasuka: liliwekwa moto kwenye sinki la baridi, au lilitoka kwenye friji likawashwa. Udongo ule hauvumilii mabadiliko ya ghafla. Ufa hata mdogo, usilitumie tena.

Pembeni kumeungua: chakula ni kidogo kuliko chungu. Kwa nusu kilo tafuta chungu kidogo, au punguza muda na uanze kuangalia saa 2 na nusu zikitimia.

Zilizobaki zisilale ndani ya chungu. Ile hatua ya kuhifadhi joto ni ya kungojea wageni saa 2 hadi 4. Baada ya hapo zigawe kwenye vyombo vya chini vyenye mdomo mpana ili zipoe upesi, ziingie kwenye friji ndani ya saa 2 tangu uzime, na zinakaa siku 3 hadi 4. Kuzipasha tumia sufuria kwenye jiko hadi mchuzi uchemke kabisa. Chungu kinapasha polepole mno kwa kazi hiyo.